Kuti la Mnazi Katika Mitaa ya Eastlands



Mwezi uliopita niliifunga nyumba yangu ya Mombasa kwa muda wa wiki tatu, nikenda Nairobi kwa binti yangu. Sikwenda matembezi. Binti yangu alinipigia simu usiku, baada ya Isha, sauti yake imekauka, akaniambia, "Mama, mtoto hasemi."

Mjukuu wangu huyo ni msichana wa miaka miwili na miezi minane. Watoto wa rika lake huomba maji, hukataa uji, hushtakiana kwa mama zao. Yeye alikuwa akivuta nguo ya mama yake na kuonyesha kwa kidole. Katika siku nzima alijua kutoa jambo moja tu kinywani, nalo ni wimbo wa Kiingereza alioupata kwenye simu, maneno yake yamepondeka, hayana maana kwake wala kwa anayemsikiliza.

Nimefundisha chekechea kwa miaka mingi, na nilipokuwa nikifunga mzigo wangu nilijiona kana kwamba nimekwisha kulijua jawabu. Haikuwa hivyo. Niliyojifunza katika wiki tatu hizo nimeona niwaandikie, kwani naamini haya si ya nyumba moja.

Treni ya Madaraka, iliyoanza kazi mwaka 2017, huondoka Miritini na kufika Syokimau baada ya saa tano au zaidi kidogo. Reli ya kwanza, ile ya Waingereza, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kuufikia uwanda wa Nairobi mwaka 1899, wakati pale hapakuwa na mji. Kutoka Syokimau nilipanda treni ya abiria wa mjini, nikashuka Makadara, na hapo moyo ukanituka kidogo, maana jina lile nimekua nalo. Sisi watu wa Mombasa tuna Makadara yetu. Tuna Majengo yetu pia, na Kaloleni iko kwetu katika milima ya Kilifi. Zote hizo utazikuta tena Eastlands, pamoja na barabara iitwayo Digo katika mtaa wa Pumwani. Pangani nayo ilikuwa kijiji cha Waafrika kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakazi wake wakahamishiwa Shauri Moyo. Wazee wa pwani waliofuata reli, wapagazi, mafundi, askari na wafanyabiashara, waliyabeba majina ya kwao kama mtu abebavyo mkeka. Hata mtaa wa Mbotela una jina la ukoo uliotoka Freretown, ng'ambo tu ya kisiwa chetu.

Binti yangu anakaa Pumwani, katika Majengo. Mtaa huo ulipangwa katika miaka ya 1920 uwe makazi ya Waafrika, na wenye nyumba wa mwanzo walijenga kama walivyojua: nyumba za Kiswahili za udongo na mabati, ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma. Wengi katika wenye nyumba hao walikuwa wanawake Waislamu. Nyumba za namna hiyo zingaliko, ingawa magorofa yamezibana kila upande. Adhana ya msikiti wa Riyadha husikika vyema hapo, na hospitali ya uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926, iko umbali wa kutembea kwa miguu. Nilipofika niliona mabaraza yenye mikeka, mama anapika mahamri, wazee wanacheza bao. Nikasema moyoni, mtoto atakosaje kusema mahali kama hapa?

Siku ya pili nikaona. Mume wa binti yangu huuza nguo Gikomba na hutoka nyumbani baada ya Alfajiri. Binti yangu yuko dukani Eastleigh hadi jioni. Mtoto huachwa kwa mama mmoja jirani anayelea watoto wa wenye kazi kwa malipo madogo ya kila siku. Vyumba vya malezi vya namna hiyo viko tele katika mitaa ya Eastlands, na lau visingekuwapo, akina mama wengi wasingeweza kutafuta riziki. Chumba nilichokiona kilikuwa safi, watoto kumi na mmoja juu ya zulia moja, wamekula, wamevaa vyema, wako kimya. Ukimya huo ndio ulionishtua. Televisheni ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, na macho ishirini na mawili yalikuwa yameielekea. Sikumlaumu yule mama. Mtu mmoja, watoto kumi na mmoja, na maji ya kuteka nje; angefanyaje?

Jambo la kwanza tulilofanya ni kumpeleka mtoto kliniki apimwe masikio. Naomba mlishike hili kabla ya yote nitakayosema, kwa kuwa nyimbo si dawa ya kila kitu. Mtoto asiyegeuka aitwapo kwa jina, au aliyefika miaka miwili na hajaunganisha maneno mawili, au aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe kwa daktari bila kuchelewa wala kuona haya. Wako watoto wasiosikia vizuri kwa sababu ya maradhi ya masikio, na wakadhaniwa ni wakaidi. Wetu, alhamdulillahi, masikio yake yalikuwa mazima. Daktari aliuliza swali moja: "Nani huzungumza naye?" Hakuuliza nani humlea. Binti yangu aliinamisha uso.

Basi nikaanza kazi, na nikaanza vibaya. Nilimketisha mtoto kwenye kiti, nikasimama mbele yake kama nilivyozoea kusimama darasani, nikaimba. Nikaimba wimbo wa kuku, wa paka, na wa kuhesabu vidole. Mtoto alinitazama kidogo, kisha akageuza uso akaitafuta simu. Kesho yake nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akalia. Siku ya tatu aliponiona natayarisha kiti alikimbilia chumbani. Nilisikitika, na nitasema kweli, nilikasirika. Nilikuwa nimesahau nililowafundisha walimu wangu wachanga, ya kwamba mtoto wa umri huo hakai kitako kusomeshwa. Ulimi wake hufuata mwili wake. Nilikuwa nimefanya kazi ya televisheni, nikasimama mbele yake na kumwagia maneno, na televisheni ina rangi nzuri kunishinda.

Mwenyezi Mungu alinifungulia njia siku ya Jumamosi, nilipokuwa naanika kanga uani. Upepo uliivuma kanga iliyolowa, ikapepea, na mtoto akasimama chini yake akaanza kupepea pamoja nayo. Nikaziacha nguo. Nikamshika mikono miwili, nikaanza ule mchezo wetu wa ukuti ambao kila mtoto wa pwani ameucheza, wa kuzunguka duara huku mkiyumba kama kuti la mnazi lililokamatwa na upepo, hadi mwisho mkaanguka wote chini. Magoti yangu si ya kuanguka tena, lakini nilianguka. Mtoto alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu nifike. Kisha akainuka, akanivuta mkono, na akasema, kwa uwazi kabisa, "Tena."

Tukazunguka tena. Nadhani tulizunguka mara ishirini siku ile. Jirani mmoja mwenye asili ya Kinubi alitoka mlangoni na wajukuu wake wawili, duara likapanuka. Baada ya Alasiri walikuja watoto wa nyumba ya pili, ambao si Waislamu, nao wakashikana mikono na wetu. Wakubwa walijua maneno, wadogo walijua kuanguka.

Usiku wake niliwaza jambo ambalo halikuwahi kunipitia akilini nilipokuwa Mombasa. Katika watoto wale wote hakuna aliyewahi kuuona mnazi. Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600, baridi ya Julai haiutaki mnazi. Wanaimba kuti kama watoto wetu waimbavyo theluji katika nyimbo za Kizungu, kwa imani tu. Lakini kuna tofauti. Theluji mtoto haioni wala hakuna wa kumwonyesha. Kuti, bibi yake alilisuka, akalala chini yake, akalipikia. Neno lililo na mtu nyuma yake si sawa na neno lisilo na mtu.

Hapo ndipo mimi na binti yangu tulipokosana. Alirudi kazini akatukuta uani tukiimba, akakaa kimya hadi mtoto alipolala. Kisha akasema, "Mama, hapa si Mombasa. Shule nzuri humuhoji mtoto kwa Kiingereza kabla ya kumpokea. Huo ukuti utamfikisha wapi?"

Swali lake halikuwa la dharau, lilikuwa la hofu, na nadhani akina mama wengi wanaosoma haya wana hofu hiyo hiyo. Nilimjibu kwa niliyoyajua. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, mwongozo wa elimu katika nchi yetu umekuwa kwamba mtoto afundishwe miaka yake ya mwanzo kwa lugha ya eneo aishilo, na mtaala mpya ulioenea nchini mwaka 2019 haukuliacha wazo hilo. Katika mji wenye makabila mengi kama Eastlands, lugha hiyo ni Kiswahili. Wataalamu hawakulisema hilo kwa kuichukia lugha ya Kiingereza. Walilisema kwa kuwa mtoto aliyekwisha kujenga nyumba ya lugha moja huongeza chumba cha pili bila tabu. Asiye na nyumba, chumba utakijenga wapi? Nikamwambia, "Mwanao anajua wimbo mzima wa Kiingereza na hajui kuomba maji. Hicho si Kiingereza, ni mwangwi."

Alilia kidogo, nami nikajuta ukali wangu. Akaniambia kwamba akifika nyumbani jioni huwa amechoka hata sauti haitoki, na simu humpa nusu saa ya kupika. Nilinyamaza, maana mimi nililea wanangu katika nyumba yenye mama mkwe, mawifi wawili na majirani wasiobisha hodi. Kila nilipochoka, palikuwa na mwingine wa kuimba. Binti yangu yuko peke yake. Tusiwahukumu binti zetu walio miji ya mbali kwa mizani ya nyumba zilizojaa watu.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na kupungua ni bora zaidi. Tulikubaliana kuanzia hapo. Hatukuivunja simu. Nusu saa ya mapishi ilibaki kwa wiki ya kwanza, kisha tukampa mtoto sufuria ndogo na mwiko, akakaa kizingitini "akapika" huku mama yake akiimba yale anayoyafanya: nakata kitunguu, namenya kiazi, naosha mchele. Wimbo wenyewe haukuwa na sifa yoyote, lakini mama yake ndiye aliyeutunga, na mtoto aliufuata.

Jumanne moja tulikwenda Kaloleni, mimi na mtoto. Mtaa huu wa miaka ya 1940 unapendeza hata katika uchakavu wake. Nyumba za mawe zenye mapaa ya vigae zimepangwa kuzunguka viwanja vya nyasi, miti mikubwa, na ukumbi wa jamii katikati. Waliouchora walitaka watoto waonekane kutoka kila mlango, na hadi leo ndivyo ilivyo. Mtoto anaweza kukimbia mbali na mama akamwona. Kaloleni pia kuna tawi la maktaba ya McMillan, lililokarabatiwa na shirika la Book Bunk, na ndani yake mna vitabu vya watoto. Tulipotoka tuliketi chini ya mti, na bibi mmoja Mjaluo, mkubwa kwangu kwa umri, alikuwa akimrusha mjukuu wake magotini kwa wimbo wa Kijaluo. Sikuelewa neno. Lakini nilielewa kila kitu kingine: goti linalopanda na kushuka, mstari unaorudi, kituo kidogo kabla ya mtoto kuangushwa nyuma, na kicheko. Nikamfanyia wangu vivyo hivyo kwa maneno yetu. Tukatazamana, tukacheka, tukaendelea. Alipoondoka aliniita dada.

Kisha Alhamisi tukaenda kumtembelea jamaa yetu Umoja. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani, nyumba za chini zenye nafasi. Leo magorofa yamepandishwa hadi jua linatafutwa. Jamaa yetu anakaa gorofa ya tano. Hakuna ua wala baraza, na ngazi ni hatari kwa mtoto. Nilimwuliza hucheza wapi na mwanawe. Akanipandisha juu ya paa, mahali pa kuanika nguo, akanionyesha duara lililochorwa kwa chaki. Kila jioni akina mama watatu wa gorofa hiyo hupanda na watoto, wanafunga mlango wa ngazi, wanaanua nguo na kuimba. Mmoja huwa karibu na ukingo wakati wote, hachezi, analinda tu, na zamu hubadilika. Nikajua kwamba nafasi si lazima iwe kubwa. Lazima iwe na mtu.

Watoto wakubwa wa Eastlands wana michezo yao ambayo sisi hatukuijua: kati ya mpira wa makaratasi, bladda ya kuruka, brikicho ya kujificha, na kalongo, ambayo ni mapishi ya kuigiza. Maneno mengi ni ya Sheng, lugha ambayo husemwa ilizaliwa katika mitaa hiyo hiyo. Mjukuu wangu alinirudia siku moja akaniita "shosho." Nilishtuka, maana hilo si neno letu. Kisha nikajiuliza, siku kumi zilizopita aliniita nani? Hakuniita. Nikaitika. Nikamwambia, "Naam, shosho yuko hapa, na jina lake jingine ni bibi." Tukalifanyia wimbo, mstari mmoja shosho, mstari wa pili bibi, kofi kwa kila silabi. Kiswahili kina neema kubwa katika jambo hilo: silabi zake ni nyepesi kukatika, karibu zote huishia kwa vokali, na mtoto hupiga kofi bila kukosea. Bi-bi, makofi mawili. M-na-zi, makofi matatu, kwani hata ile "m" ina kofi lake. Sikio linalojua kukata maneno hivyo ndilo litakalokuja kusoma kwa wepesi.

Wako watakaouliza kama haya ni upuuzi usiofaa mtoto wa Kiislamu. Nitawakumbusha kisa kilichomo katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa na ndugu mdogo aliyeitwa Abu Umayr, aliyekuwa na kidege cha kuchezea, aina iitwayo nughayr. Kidege kilipokufa, Mtume, swalla Allahu alayhi wa sallam, alimwendea mtoto huyo akamwuliza habari za kidege chake kwa maneno yenye kina, jina la mtoto na jina la ndege vikigongana mwishoni: Umayr, nughayr. Alikuwa na umma wa kuongoza, na alipata wakati wa kumchezea maneno mtoto mdogo mwenye huzuni. Na tunajua kwamba alimbeba mjukuu wake Umama hata katika sala. Sisi tuna shughuli gani zinazozidi zake?

Hata hivyo, kuchagua ni wajibu. Upo wimbo mmoja maarufu wa Kiingereza wa kuifukuza mvua, irudi siku nyingine. Kwa watu wa nchi ya baridi huenda una maana yake. Sisi tumefundishwa kuiomba mvua iwe yenye manufaa, na katika nchi inayopata ukame kama yetu, kumzoeza mtoto kuifukuza rehema si adabu. Mvua ilipotunyea Pumwani niliitia mikono ya mjukuu wangu nje ya dirisha, tukaikaribisha kwa mstari mfupi wa kutunga wenyewe. Nyimbo za kutunga nyumbani zina faida hiyo: unatia ndani unachotaka mtoto akikute ukubwani. Mwana Kupona wa Pate, katikati ya karne ya 19, alipotaka kumwachia binti yake wasia, aliutia katika beti. Alijua kwamba lenye vina halipotei njiani.

Na sisi watu wa Mombasa tuna mfano wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1980 jamii yetu ililalamika kwamba watoto wa Kiislamu wanaingia shule ya msingi nyuma ya wenzao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ukaanzishwa mwaka 1986 mpango wa chekechea za madrasa, na Bi Swafiya Said akawa katika mstari wa mbele wa kuwafunza walimu, wengi wao wanawake wa mitaa ile ile. Madarasa yalipambwa kwa vifaa vya kuokota, vifuu, kombe, vitambaa, na nyimbo na hadithi za kwetu zikawekwa pamoja na mafunzo ya dini. Mpango huo ulivuka hadi Zanzibar na Uganda. Haukuanza kwa vifaa vya gharama. Ulianza kwa akina mama waliokubali kuketi chini na watoto.

Nitaeleza sasa tulivyofanya nyumbani, kwa yeyote atakayependa kujaribu. Tulichagua wimbo mmoja kwa wiki, mistari miwili au mitatu tu, na tukaurudia hadi sisi tukachoka. Mtoto huanza kupenda pale mkubwa anapochoka. Tuliimba uso kwa uso, magotini au sakafuni, ili auone mdomo. Kila neno lilikuwa na kitendo, mkono, mguu au kichwa. Kila wimbo ulikuwa na wakati wake: wa kuoga, wa kuvaa, wa kula, na wa kulala baada ya dua. Alipouzoea, tuliacha pengo: tunaimba mstari, tunanyamaza kabla ya neno la mwisho, tunamngoja. Kungoja huko ni kugumu kuliko kuimba. Mara ya kwanza alitazama tu. Mara ya tano alitikisa kichwa. Siku ya nne neno likatoka. Hatukumsahihisha, alipokosea, tulirudia vizuri katika mstari uliofuata. Na hatukumwita mbele ya wageni aimbe kama kasuku. Kwa ala tulitumia kopo la maziwa lenye kunde ndani, kifuniko kimefungwa kwa nguvu, kwani kunde na vizibo ni hatari kinywani mwa mtoto mdogo.

Wiki ya tatu nilirudi kwa yule mama mlezi, na safari hii sikwenda mikono mitupu wala na mawaidha. Nilimwomba ruhusa niketi na watoto saa moja asubuhi na saa moja jioni. Alisita, kisha akaizima televisheni. Kelele zilizofuata, wallahi, nilidhani tutafukuzwa. Siku ya nne alikuwa yeye mwenyewe katika duara, kitambaa kimemteremka, anacheka. Aliniambia kwamba aliyajua yote haya. Bibi yake Ukambani alimwimbia, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni kazi yenye thamani. Tuliafikiana na wazazi kila mmoja aongeze kidogo katika malipo, ili amwajiri msichana mmoja wa kumsaidia. Wawili walikataa, tisa wakakubali.

Nilipoondoka mjukuu wangu alikuwa na maneno kama arobaini. Mama yake aliyaandika kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya jiko. Si mengi kwa umri wake. Bado ana safari, na kliniki watamwona tena baada ya miezi mitatu. Sitaki msomaji adhani nimefanya muujiza. Lakini anaomba maji, anakataa uji, na amekwisha kumshtaki mtoto wa jirani.

Wiki jana nilimtafuta mkwezi huku Mombasa, akaniangushia kuti moja bichi. Nikalikunja, nikalifunga kwa gunia, nikalipeleka kwa basi la usiku. Kijana wa mizigo alinicheka: "Bibi, huko Nairobi hakuna ufagio?" Binti yangu alilipokea asubuhi akalitandaza uani. Kwa simu nilisikia watoto wakigombania kulishika, na nyuma ya sauti zao nikasikia sauti ya mtu mzima akianzisha wimbo, sauti niliyoijua, ambayo sikuwa nimeisikia ikiimba tangu alipokuwa yeye mwenyewe msichana mdogo katika ua wangu. Aliposhika simu nilimwuliza kama hakuchelewa kazini. Akasema amechelewa.

Tumwombe Mwenyezi Mungu awafungue ndimi watoto wetu kwa maneno ya kheri, awape nguvu mama zao walio mbali na jamaa zao, na atujaalie sisi wakubwa magoti ya kuanguka nayo. Amin.